Mstari wa Msomaji

Mtabiri aliukataa mwisho wa nne kabla Sekela hajamaliza kuusoma.

"Mganga ndiye mwizi," ilisema sauti kutoka kwenye kisanduku kilichokuwa pembeni mwa meza. "Imejulikana tangu aya ya pili. Kwa msikilizaji huyu haitapita."

Mwandishi mwingine angepiga meza, au walau angesonya. Sekela aliikunja karatasi, akaitupa, akavuta nyingine, kama mtu anayemenya viazi akakuta kimoja kimeoza.

"Dada Sekela, hata kusonya tu?" Ipyana alimwuliza bila kuacha kufuta kioo cha mitambo yake. Ndiye fundi wa Nyumba ya Masimulizi, kijana mpole mwenye vidole vyembamba, na hakuwa na punje.

"Nikisonya kitabadilika nini?"

"Hakuna. Ila mimi nitajua niko na mtu."

Sekela alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa, akaendelea kuandika. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila haraka na bila dalili ya kuondoka.

Punje yenyewe ilikuwa ndogo kama chembe ya ulezi. Iliwekwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na kazi yake ilikuwa kuona kinachokuja. Habari mbaya ikiwa bado njiani, punje ilikuwa imeshaitambua na kuifungia mlango wa moyo. Tatizo ni kwamba haikubagua. Habari njema nayo iliachwa nje inabisha hodi. Mlima wa Lugombo ulipokatika na kufukia vitongoji vilivyokuwa chini yake, wataalamu walileta punje kwa masanduku, na watu wakapanga foleni kwenye mahema huku matope yakiwa hayajakauka miguuni. Nani angewalaumu? Waliambiwa ni pumziko la mwaka mmoja tu. Mwaka ulipokwisha ikagundulika kwamba punje imeota mizizi, na kwamba ukiing'oa kwa nguvu unang'oa na mwenyewe.

Ikabaki njia moja. Punje haikuwa na la kufanya mbele ya jambo isilolitarajia. Mtu akishtuka kwelikweli, punje huduwaa, mizizi hulegea kwa kitambo, na fundi mwenye mkono mwepesi huichomoa kama mwiba. Mwanzoni wataalamu walijaribu kuwapasulia watu maputo masikioni, wakajaribu kuwamwagia maji ya baridi. Punje ilivizoea vyote siku hiyohiyo, na watu wakarudi makwao wakiwa wamelowa bure. Kilichofaa ni hadithi. Hadithi humshika mtu mkono, humfanya aamini kwamba anaijua njia, halafu mwishoni humwonyesha kwamba hakuijua.

Ndivyo kazi ya waandishi wa miisho ilivyozaliwa, pamoja na Mtabiri, mashine ya kupima kama punje itaujua mwisho kabla haujafika, na katika mkoa mzima hakukuwa na mwandishi wa kumfikia Sekela. Watu walishangaa, maana yeye mwenyewe alikuwa na punje. Mama yake alifukiwa Lugombo. Msibani Sekela alihesabu sahani za kuazima, akahakikisha kila moja imerudi kwa mwenyewe, na wanawake waliokaa kwenye mikeka wakamtazama kwa jicho ambalo yeye aliliona bila kulihisi. Lakini mkono wake wa kuandika haukutetemeka, wala hakuwahi kumwonea huruma msikilizaji katikati ya sentensi. Labda ndiyo siri yenyewe.

Kazi ilikuwa na miiko yake. Msikilizaji haongeleshwi kabla ya siku ya kusomewa, asije akaing'amua hadithi kutokana na maswali. Anayehojiwa ni ndugu yake. Maisha ya msikilizaji hayatiwi kwenye hadithi yake. Na mtu husomewa mara tatu tu, kwa sababu baada ya hapo punje huwa imekomaa na haitikisiki tena maishani.

Gwakisa, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, alikuwa ameshasomewa mara mbili. Mara zote alishukuru kwa adabu, akavaa koti lake, akarudi kazini.

*

Bupe, mke wa Gwakisa, alikuwa jikoni akijaza udongo kwenye viriba vya miche ya parachichi Sekela alipofika kwake. Alimsogezea kigoda, akakifuta kwa upindo wa kanga.

"Karibu, dada. Kimelowa kidogo, utanisamehe. Huku kwetu hata jiko limelowa."

"Ahsante. Nimekuja kwa ajili ya ile ya mwisho."

"Najua." Bupe hakuacha kazi. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kukwaruza, na kope zake zilikuwa na wekundu wa watu wanaolia mara kwa mara. Yeye aliikataa punje. Alipofika kwenye hema aliitazama ile sindano, akageuka, akaondoka. "Nikuambie kinachoniua? Si kwamba halii. Angekuwa mkorofi ningejua nagombana na nani. Ni mwema! Anachota maji, anapalilia, ananiuliza, umekula? Jumapili nikimwambia peleka maua kwa mwanao, anapeleka. Anayaweka pale kaburini kama mtu anayepanga chupa dukani. Nyumba ina watu wawili, dada, na mimi nalia peke yangu."

Sekela alitikisa kichwa mahali panapostahili.

"Mama yangu ameshanitengea chumba kwake Masoko," Bupe akasema kwa sauti ya chini. "Hii ikishindikana naondoka. Yeye sijamwambia. Nikimwambia atanisaidia kubeba mizigo."

"Miisho yote ninayoandika inatabirika," Sekela alisema. "Punje yake ni kali kuliko nilizozizoea. Nahitaji kitu ambacho hakijui kabisa. Chochote."

Bupe alishindilia udongo kwenye kiriba mpaka kikapasuka. Akakitazama. Kisha maneno yakamtoka, na yalipoanza hakuyazuia.

"Kila mtu anajua mwanetu Tusekile alifia njia ya shule, siku ile ya Lugombo. Ni mimi niliyesema. Alipatikana pale darajani, kwenye njia panda, basi watu wakadhani anakwenda shule, nami nikaitikia. Hakuwa anakwenda shule." Alijifuta pua kwa mkono wenye udongo. "Asubuhi ile tuligombana na baba yake. Chumvi, dada. Chumvi kwenye maharage! Akatoka amenuna, akaacha mwavuli nyuma ya mlango, na mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Ningeweza kumfuata. Lakini na mimi nilikuwa nimenuna, nikaona nikimfuata nitakuwa nimeshindwa. Nikampa mtoto. Nikamwambia, mpelekee baba yako kiwandani, pita njia ya chini, ukichelewa mwalimu nitaongea naye mimi."

Mvua iligonga mabati.

"Hiyo usiiandike," Bupe akasema.

"Sitaiandika."

Alimaanisha, kwa kadiri alivyoweza kumaanisha jambo lolote.

*

Aliiandika siku iliyofuata.

Aliianza mbali, kama kazi inavyotaka. Akaweka nchi isiyo na jina, fundi wa saa, mke wake, mtoto wao wa kiume aliyechukuliwa na mto. Akamfanya msikilizaji ashuku kwamba mtoto yu hai, kisha akamfanya ashuku kwamba jirani alimsukuma, na akaziacha shuku hizo zote mbili zimnenepee mkononi. Mwishoni akaandika kwamba mtoto alikuwa ametumwa na mama yake, kwa sababu ya ugomvi mdogo wa asubuhi, kumpelekea baba yake kofia.

Aliutazama mwisho ule, akafuta neno moja. Kofia haitamfikia Gwakisa. Akaandika mwavuli.

"Sikuutarajia," Mtabiri akasema.

Ipyana aliinua kichwa. Kisanduku kile hakikuwa na mazoea ya kusema neno hilo. Alikuja, akachukua karatasi, akaisoma akiwa amesimama, na alipofika chini akarudi kusoma tena.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

Sekela alimweleza. Hakuwa na sababu ya kumficha.

"Na mwenyewe amekuruhusu?"

"Amenikataza."

"Basi haiwezekani. Tuache miiko, tuache kazi. Mtu kakufungulia moyo wake jikoni kwake, wewe ukamsomee mbele ya mumewe?"

"Nimebakiwa na usomaji mmoja, Ipyana. Nikisoma hadithi ya mganga, Gwakisa atabaki alivyo mpaka anakufa, na mkewe atakwenda Masoko. Nikisoma hii ataumia. Lakini ataumia, unanielewa? Ndicho walichokuja kukitafuta hapa."

"Na Bupe?"

"Bupe anataka mumewe alie naye. Atapata."

"Kwa bei hiyo?"

Sekela alijichunguza. Alijua kwamba hapo pana jambo baya, kama unavyojua chai ni ya moto kwa kuona mvuke. Alinyoosha mkono ndani kutafuta moto wenyewe, asiupate. Kwa miaka yote hii hakuona kasoro katika hali hiyo. Daktari wa kupasua naye hatakiwi kulia juu ya mgonjwa. Lakini daktari, aliwaza, angalau huomba ruhusa.

"Wewe unaonaje?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza hivyo.

"Naona unaiba."

"Na ukiiba dawa?"

Ipyana aliirudisha karatasi mezani taratibu. Sekela alichukulia kwamba wamekubaliana.

*

Chumba cha kusomea kilikuwa na viti vinne na dirisha linalotazama mashamba ya chai. Gwakisa aliketi kwenye kiti cha msikilizaji, mikono juu ya magoti, koti lake likinuka mafuta ya mashine na majani mabichi. Bupe aliketi nyuma yake kidogo, amevaa gauni la kanisani. Ipyana aliwafunga Gwakisa na Sekela utepe mwembamba kwenye paji la uso, akarudi kwenye kioo chake.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ulikuwa wa msikilizaji. Wa chini ulikuwa wa msomaji, na uliwekwa ili fundi awe na kitu kilichotulia cha kulinganishia. Ipyana alikuwa na utani wake kuhusu mstari wa Sekela, kwamba umenyooka kiasi kwamba mwashi angeweza kuutumia kupandisha ukuta. Leo hakuutoa utani huo.

Sekela akasoma. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea, isiyopanda wala kushuka, ambayo mtu huweza kuiegemea. Fundi wa saa alitengeneza saa, mke wake alipika, mto ulijaa. Gwakisa alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza injini. Zile shuku zilipopita, mstari wake ulibaki pale ulipokuwa, ikawa kama Sekela alivyotaka. Punje ilikuwa imeshajichagulia mwisho wake na kusinzia.

Alifika aya ya mwisho.

"'Mtoto hakuwa akienda shule. Mama yake ndiye aliyemtuma. Walikuwa wamegombana na mumewe asubuhi ile kwa jambo dogo, na hakutaka kumfuata yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa njiani kumpelekea baba yake mwavuli.'"

Bupe aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Uliniahidi!" Hakupiga kelele. "Jikoni kwangu, dada. Uliniahidi!"

Sekela hakumtazama. Alimtazama Ipyana, Ipyana akatazama kioo. Mstari wa juu haukutikisika hata kidogo.

Gwakisa alikohoa.

"Samahani, dada," alimwambia Sekela, na kweli alionekana kutaka radhi, kama mtu aliyepewa zawadi ambayo tayari anayo nyumbani. "Hadithi ni nzuri. Ila hapo mwisho nilikuwa napajua."

Bupe alimgeukia mumewe.

"Ulikuwa unapajua?"

"Mimi ndiye niliyemfukua, Mama Tuse. Wewe walikuzuia kule juu." Alizungumza akitazama mbele, kwa sauti ileile aliyotumia kuulizia chakula. "Mwavuli alikuwa ameushika. Ni wangu, ule wenye mpini niliofunga raba ya baiskeli. Niliuacha nyuma ya mlango asubuhi, usingeweza kufika darajani peke yake. Nikajua umemtuma. Nikauficha ndani ya koti kabla wengine hawajauona."

"Hukusema kitu. Miaka yote hii."

"Niseme nini? Ulikuwa unataka nisilowe."

Gwakisa akawaza kidogo, kisha akaendelea, kwa kuwa aliona wote wanangoja.

"Jioni ile nilikutazama ukilia, nikasikia kitu kinapanda hapa." Alionyesha kifuani, mahali tu, kama anaonyesha mashine ilipoharibikia. "Nikajua nikibaki nacho, ipo siku nitakuambia. Labda si kwa mdomo. Ungekiona machoni mwangu kila unapoweka chumvi mezani. Nikaona kheri nisiwe na macho hayo. Walipoleta punje nikawa wa kwanza kwenye foleni."

Sekela aliona karatasi inatetemeka, akadhani dirisha liko wazi. Aligeuka. Lilikuwa limefungwa.

"Dada," Ipyana akasema taratibu.

Mstari wa chini ulikuwa umepanda. Ulikuwa umepanda mpaka ukauvuka ule wa juu, ukafika ukingoni mwa kioo, na ulikuwa bado unatafuta mahali pa kwenda.

Aibu ilimfikia kwanza. Ilikuja nzito na ya moto, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Alikuwa na hakika kwamba anamjua mtu huyu. Alidhani ni mkimbizi kama yeye, aliyeona maumivu yanakuja akajifungia. Kumbe Gwakisa aliuza moyo wake mzima ili mkewe asitazamwe vibaya kwenye meza ya chakula, na yeye Sekela, kwa mkono wake usiotetemeka, ameingia na kumsomea mkewe kwa sauti kubwa kile alichokizika. Kama angemwuliza yule mtu swali moja tu! Lakini msikilizaji haongeleshwi. Ndiyo kazi.

"Nimekosa," alisema. Sauti ilikuwa mbovu, hakuitambua. "Nimekosa, Mama Tuse. Nimekosa sana."

Bupe hakumsikia, au alimsikia akamweka kando. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. Alikuja mbele, akachuchumaa mbele ya mumewe, akamshika mikono yote miwili iliyokuwa juu ya magoti.

"Mwavuli uko wapi?"

"Kazini. Kwenye kabati langu."

"Mpaka leo?"

"Waya mmoja ulikuwa umekatika, nikautengeneza. Huwa naufungua, nauanika, naukunja tena. Usije ukaoza."

"Kwa nini, Gwakisa?"

Gwakisa alifikiri kwa muda mrefu. Mstari wake ulikuwa umenyooka kabisa.

"Sijui," alisema. "Nauanika tu."

Hapo Bupe alilia kilio ambacho hakuwahi kulia hata msibani, amelaza kichwa juu ya magoti ya mumewe, na Gwakisa akamwekea mkono mgongoni, kwa sababu ndivyo inavyopasa. Aliuacha pale. Hakuutoa.

Alipoinuka alijifuta kwa mikono, akaokota kiti alichokuwa amekiangusha, akakisimamisha mahali pake.

"Ya tatu imeshindikana," Ipyana alisema, maana sheria ilimtaka aseme. "Haitatoka tena, mama. Pole."

"Basi ibaki." Bupe alimfunga mumewe vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine. "Kulia nitalia mimi. Wewe utaanika mwavuli. Twende kwanza kiwandani tukauchukue, uje ukae nyumbani."

"Sawa," Gwakisa akasema.

Mlangoni Bupe aligeuka, akamtazama Sekela aliyekuwa bado ameketi na karatasi zake.

"Sijui kama nitakusamehe, dada."

"Usinisamehe leo," Sekela akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu Lugombo maneno yake yalimwuma wakati wa kutoka.

Wakaondoka. Kupitia dirishani aliwaona wakishuka kati ya chai, bega kwa bega kwenye manyunyu, wote wawili wakilowa.

Nyuma ya aibu kulikuwa na kingine. Alikisikia kinakuja na safari hii hakuna aliyekifungia mlango. Zilikuwa sahani. Sahani za kuazima, za bati, zenye maua mekundu ukingoni, na mama yake ndiye aliyekuwa akizipenda, kila msiba wa mtaani alikuwa akisema, jamani sahani za watu, na siku ile ulikuwa msiba wake na hakuwapo wa kusema. Sekela alijiinamia. Pua ilimtiririka, hakuwa na leso, hakukumbuka hata kwamba watu hubeba leso.

Ipyana alimletea kitambaa cha kufutia kioo. Mkono wake mwingine ulikuwa na koleo dogo la kuchomolea.

"Imelegea," alisema. "Yako. Ikishalizoea hili itakaza tena, na sijui kama kuna mwisho mwingine utakaokushtua wewe. Lazima niseme na hili, dada. Ukiitoa, huenda usiweze tena kuandika unavyoandika."

"Najua."

"Nitoe, au niache?"

Sekela alijifuta uso. Kwenye kioo mstari wake ulianza kushuka, polepole, ukirudi mahali pake pa siku zote. Aliutazama. Pale chini kulikuwa na utulivu, na alikuwa ameuzoea.

"Ulimzika baba yako bila punje," alisema.

"Ndiyo."

"Inauma?"

"Inauma."

"Kwa muda gani?"

Ipyana alilitazama koleo mkononi mwake.

"Mimi bado," akasema.

Sekela akatikisa kichwa, mara hii bila kuchagua mahali pa kukitikisa. Kisha akainama, akazishika nywele zilizokuwa nyuma ya sikio lake, akazisogeza pembeni.